Hopa tupu haifuti ushindi wa mchezaji

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kibandiko ambacho kila mcheza sloti, au dubwi kama wengi tunavyoliita, amekiona hata kama hakukisoma: mashine ikipata hitilafu, michezo na malipo yote ni batili. Maneno hayo yapo kwenye kasino za dunia nzima na yana sababu yake. Hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, yamegeuzwa jibu la kila ugomvi.

Matokeo ya sloti huamuliwa pale kitufe kinapobonyezwa. Programu huchukua namba za nasibu, na picha zinazozunguka ni maonyesho tu ya jambo lililokwisha kuamuliwa. Kulipa ni kazi ya hopa, lile bakuli la ndani lenye sahani inayozungushwa na mota, inayosukuma sarafu moja moja mbele ya jicho linalohesabu. Mtu akishinda sarafu 40 za shilingi 200, hopa ikatoa 17 kisha ikakauka, mchezo haukuharibika hata kidogo. Kilichoharibika ni njia ya kulipia. Zimebaki sarafu 23, yaani shilingi 4,600, na mhudumu azilipe mkononi papo hapo.

Hopa hukwama kwa mambo madogo: sarafu iliyopinda, sarafu iliyotoka soko la samaki la Deep Sea na utelezi wa samaki, vumbi kwenye jicho. Jicho chafu lina vituko vyake. Lisipoiona sarafu ikipita, mashine hudhani haijalipa, inaendelea kumwaga. Siku hiyo fundi huitwa mbio, na kibandiko hakuna anayekitaja.

Hitilafu inayobatilisha malipo ni ya namna nyingine. Mwaka 2011 huko Iowa, Marekani, mashine ilimwonyesha mteja bonasi ya zaidi ya dola milioni 41, ilhali malipo yake ya juu kabisa yalikuwa dola 10,000. Ushindi wake halisi ulikuwa dola 1.85. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilimnyima ile bonasi, kwa kuwa haikuwemo kwenye kanuni za mchezo ambazo mteja angeweza kuzisoma kwenye mashine yenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza liwe: jedwali la malipo linasemaje?

Umeme ukikatika ni shauri jingine. Bodi za mashine, yaani saketi zinazoendesha mchezo, nyingi za bei nafuu hutunza kumbukumbu kwa betri ndogo ya volti 3.6 iliyochomelewa. Betri ikizeeka huvuja, na kwa unyevu na chumvi ya pwani yetu hula njia za shaba haraka. Umeme unarudi, krediti, yaani salio la mchezaji kwenye mashine, zinasoma sifuri, mchezaji anaambiwa alaumu umeme. Alaumiwe asiyebadilisha betri.

Ugomvi ukizuka, mashine isizimwe wala mlango usifunguliwe kwanza. Mhudumu na mchezaji waandike namba ya mashine, saa, ujumbe ulio kwenye kioo na krediti zinazoonekana, na kioo kipigwe picha. Haraka ya kuzima na kuwasha ndiyo inayopoteza ushahidi, maana kwenye baadhi ya bodi kumbukumbu hufutwa kwa kitufe kimoja wakati wa kuwasha. Kiwango cha kimataifa cha mashine za kamari, GLI-11, kinataka mashine iweze kuonyesha angalau michezo 10 ya mwisho. Basi fundi aifungue kumbukumbu hiyo mchezaji akiona. Baada ya hapo sarafu za hopa zihesabiwe na kulinganishwa na mita zinazohesabu sarafu zilizoingia na zilizotoka. Mita za magurudumu, zile zenye namba zinazozunguka kimitambo, zina faida kubwa hapa: kufuta kumbukumbu ya bodi hakuzirudishi nyuma.

Huko Nevada, Marekani, mgogoro wa dola 500 au zaidi usiposuluhishwa, kasino hulazimika kuiarifu mara moja bodi ya jimbo inayosimamia michezo ya kubahatisha. Ukiwa chini ya hapo, mteja lazima aambiwe kuwa ana haki ya kuomba uchunguzi. Bodi yetu ya Michezo ya Kubahatisha ingeweka kiwango kama hicho kwa shilingi, pamoja na daftari la hitilafu kwenye kila ukumbi. Na kibandiko kiongezwe mstari mmoja wa Kiswahili: hopa ikikwama au ikiisha sarafu, salio litalipwa mkononi.

Fundi wa mashine za michezo,
Makorora, Tanga