Harambee ya Makoti ya Mvua na Gambuti kwa Watoto wa Chekechea

Ndugu wazazi, walezi na marafiki wa shule yetu,

Tunarudi tena kwenu, na tunaona haya kusema hivyo. Msimu uliopita mlichanga kwa moyo, mkawavika watoto wanaotembea umbali mrefu zaidi. Sasa mvua zimeanza, na waliobaki wanaingia darasani wakichuruzika maji, mfuko wa plastiki kichwani, daftari limeloa hadi kurasa zimegandana.

Tuwaeleze mchango wenu ulifanya nini. Yuko binti mmoja, mdogo kuliko wote darasani, ambaye kila akiona wingu alikuwa akiuliza koti lake litakuja lini. Alilitaka la manjano. Siku alipokabidhiwa alilivaa juu ya sare, akafunga vifungo mwenyewe hadi kidevuni. Cha kwanza kikaingia tundu la pili, koti zima likaenda upande, na hakukubali mtu amrekebishe. Gambuti akazivaa ya kulia kushoto, akawa anazunguka darasani akisikiliza zinavyolia. Nje jua lilikuwa kali! Alikaa na koti lake mpaka masomo yakaisha, jasho linamtoka, mwalimu akamwonea huruma akamwacha. Mvua ilipokuja kunyesha, aliingia katikati ya dimbwi, akavua buti moja, akapapasa mguu, akapiga kelele: “Soksi kavu!”

Wenzake walikuwa wamejazana dirishani wakimtazama. Hao ndio tunaowaombea.

Mtoto mdogo hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima, maana ngozi yake ni eneo kubwa ukilinganisha na uzito wake, na nguo mbichi humzidishia baridi. Anayetetemeka hashiki somo. Mwavuli haumfai: upepo humshinda nguvu, tena humziba asione gari. Kwa hiyo tunatafuta makoti yenye mishono iliyozibwa kwa ndani, kwani maji hupenyea kwenye matundu ya sindano. Yenye rangi kali na utepe unaong'aa taa ikimulika. Na kofia isiyomzuia mtoto kutazama pembeni. Tutachukua makubwa kidogo, mikono ikunjwe, yakimbana huyu avae mdogo wake.

Charles Macintosh wa Uskoti alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kitambaa kisichopitisha maji mwaka 1823. Karne mbili, na watoto wetu wangali wanajifunika mifuko! Jambo hili linatuuma.

Wapo walioahidi msimu uliopita na bado hawajatimiza. Majina hatutaji, ila daftari la ahadi tunalo, na mlango u wazi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Asiye na fedha na atuletee koti au gambuti zilizokwisha kumbana mwanawe, mradi hazijapasuka. Tutaziosha na kuzianika wenyewe.

Kila mchango utapokelewa na mweka hazina kwa risiti, na taarifa ya mapato na matumizi itasomwa mbele ya wazazi wote.

Tunaomba michango ifike kabla ya mkutano wa wazazi, tupate kununua mvua hazijakolea. Mwenyezi Mungu awazidishie pale mtakapopunguza.

Wenu,
Kamati ya Harambee, kwa niaba ya walimu na wazazi