Linux yako haimalizi kuwaka? Usikubali kufutiwa diski kwanza

Mama mmoja mwenye stesheneri alituletea kompyuta yake ya mezani yenye Ubuntu, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Fundi, naomba usinifutie vitu vyangu." Alikotoka aliambiwa mashine imekufa, dawa yake ni kupigwa upya. Humo ndani mna mitihani ya shule tatu anazozichapia, na hesabu za duka za miaka minne.

Tukaiwasha mbele yake. Nembo ikatokea, kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikazunguka. Tukabonyeza Esc. Picha ikaondoka, maandishi yakajitokeza, na mstari wa chini ulikuwa unahesabu sekunde: "A start job is running for /dev/disk/by-uuid/…", kikomo 1min 30s. Yaani kompyuta ilikuwa inasubiri diski ambayo haijaitika. Sekunde 90 zilipoisha ikaandika "You are in emergency mode", ikasimama.

"Mama, kuna diski ya nje huwa unaichomeka hapa nyuma?"

Akafikiri kidogo. "Ipo, ile ya kuhifadhia nakala. Mwanangu kaondoka nayo chuoni."

Ugonjwa wote ulikuwa huo. Linux ina faili liitwalo /etc/fstab, na kazi yake ni kama ya mwalimu anayeita majina asubuhi. Kila diski iliyoandikwa humo inaitwa kwa namba yake, ile UUID. Isiyoitika inasubiriwa, na kama mstari wake hausemi kwamba ina ruhusa ya kukosa, darasa zima linasimamishwa. Mashine haijafa hata kidogo, na faili ziko palepale zilipokuwa.

Tukabonyeza Enter, kwenye Ubuntu kwa kawaida inatosha kukuingiza. Amri ya lsblk -f ikatuonyesha diski zilizopo na namba zake, tukazilinganisha na zilizomo kwenye fstab. Moja haikuwa na mwenyewe. Tukalifungua kwa kihariri cha maandishi, nano /etc/fstab, na kwenye mstari huo, baada ya neno defaults, tukaongeza ,nofail,x-systemd.device-timeout=10s bila kuacha nafasi. Sasa diski ikikosekana safari inaendelea bila kuisubiri, na baada ya sekunde 10 mashine inaacha kuitafuta. Ukijaribu hili mwenyewe na faili likakataa kuhifadhiwa, andika kwanza mount -o remount,rw / halafu rudia. Tukahifadhi, tukaandika reboot, mashine ikawaka. Mama akafungua mtihani mmoja akausoma hadi ukurasa wa mwisho kabla hajaamini.

Si kila mashine inayokwama ina shida hii. Ikiwa imegoma mara tu baada ya kusasishwa, iwashe huku ukibonyeza Esc, au ushikilie Shift kwa mashine za zamani, ingia Advanced options, uchague kerneli (kiini cha mfumo) ya nyuma. Ikifika kwenye nywila halafu ikakurudisha palepale, huenda diski imejaa: bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia, andika df -h uone nafasi iliyobaki. Ukiona 100% kwenye mstari wa /, anza kufuta mabaki kwa sudo apt clean na sudo journalctl --vacuum-size=200M.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni mashine iliyozimika ghafla umeme ulipokatika, kisha ikaishia kwenye neno (initramfs) na kudai fsck, amri ya kukagua na kurekebisha mpangilio wa faili kwenye diski. Mara nyingi fsck inaponya kweli. Lakini ukisikia diski inagonga, au ukiona maneno "I/O error" yanajirudia kwenye skrini, izime na usiiwashe tena. Diski hiyo inachoka kwa kila jaribio, na fsck itaisukuma zaidi. Sisi hapo tunanakili kwanza kila kinachosomeka kwenda diski nyingine kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, ukarabati unafanyika kwenye nakala. Ni kazi ya saa nyingi, wakati mwingine usiku kucha, na hatuifupishi hata mteja akiwa na haraka.

Kabla hujaja, piga picha ya skrini ilipokwama, maandishi yasomeke. Na ukija, njoo na kila diski au flashi ambayo huwa inachomekwa kwenye mashine, hata ile unayodhani haihusiki.