Subiri kwanza, usilipie

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, mama anakusalimu sana. Mengine tutaongea, maana ujumbe wako wa jana umeninyima usingizi. Kweli unataka kulipia programu mwaka mzima kwa ajili ya wasilisho moja la kurekodi kwa video? Subiri kwanza, tafadhali.

Slaidi zitengeneze kwenye Google Slides. Inafunguka kwenye kivinjari, ni bure, na kazi inajihifadhi yenyewe kadiri unavyoandika. Chini ya kila slaidi kuna nafasi ya maelezo ya msemaji. Yale utakayosema yaandike humo, slaidi ibaki na maneno machache. Nakujua, utataka kujaza aya nzima. Mwalimu wetu alikukataza hilo zamani!

Kazi kubwa ni kurekodi. Mwezi uliopita nilizungumza dakika 22 bila kusimama, nikaja kusikiliza: kimya kitupu. Kivinjari hakikuwa na ruhusa ya kutumia maikrofoni. Niliumia mno, kwa sababu siku ile nilikuwa nimeeleza vizuri kuliko siku zote. Sasa natumia OBS Studio, programu ya kurekodi skrini na sauti. Hiyo unaisakinisha kwenye kompyuta, nayo ni bure kabisa, na ina kipimo cha sauti kinachopanda na kushuka ukiongea. Kisipocheza, usianze. Hata kikicheza, rekodi sekunde 10 usikilize. Halafu gawa maelezo yako vipande vipande. Ukikwama unarudia kipande kimoja tu, kisha unaviunganisha kwa Shotcut, programu ya kuhariri video, nayo ya bure.

Video ukiipakia YouTube, chagua ile hali ya kutoorodheshwa. Wenye kiungo wataiona, wanaotafuta hawataipata. Ila ikizidi dakika 15, itabidi kwanza uthibitishe akaunti kwa namba ya simu. Fanya hivyo mapema, si usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Na kiungo cha slaidi! Usipobadilisha ruhusa, ni wewe peke yako unayeweza kuzifungua. Wape wote wenye kiungo ruhusa ya kutazama, siyo kuhariri. Kisha jaribu kukifungua kwenye dirisha la faragha, ambalo hujaingia kwenye akaunti yako. Shemeji hakujaribu, na unakumbuka yaliyompata.

Narudi kwenye sauti, maana ndiyo inayonitia wasiwasi. Nimerekodi upya yale maelezo yangu na kiungo nitakutumia leo. Naomba uyasikilize hadi mwisho, uniambie ukweli kama kuna mahali sauti inafifia.

Na wewe, wamekupa dakika ngapi? Wanataka faili au kiungo? Spika zako za masikioni zenye maikrofoni bado nzima? Na tukae lini, wewe uniwasilishie mimi kabla hujarekodi? Jumamosi jioni una nafasi?

Wako daima