Jumamosi zamu ya banda la Mbezi

Wakuu habari za jioni, Jumamosi saa 4 asubuhi tunakutana Mbezi kwa yule mwenzetu wa meza ya mninga, lokesheni ntaituma kesho. Asanteni kwa picha za mabanda yenu ya useremala wiki hii, hasa ile ya ukuta wa plaiwudi ambao kila kifaa kimechorewa umbo lake kwa maka peni, yani patasi isiporudi mahali pake unaiona hapo hapo, mi nimeshaiga.

Sasa jamani zile ekstensheni. Kuna picha nne nimeona waya umeviringwa kwenye koili halafu umechomekwa grainda, ukiwa umekunjwa vile unashika moto, ukunjueni wote kabla ya kuwasha. Yangu iliyeyuka mwaka jana, nilihisi harufu nikadhani ni mama watoto kaunguza maharage 😂

Na sisi wa karibu na bahari randa zinapata kutu chap, pakeni oili ya cherehani kidogo ukimaliza kazi.

Barakoa kila mtu aje na yake, vumbi la mninga linawasha pua balaa. Anayekuja na gari aseme, kuna jiriwa (kile chuma cha kubania mbao) la kubeba, zito kinoma.