Mguu wa dereva

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa Mabatini. Hatujambo sote. Mama yako ameshaamkia sokoni Mwaloni na dagaa wake.

Juzi kwenye simu ulisema mbio za magari siku hizi zimekwisha utamu kwa kuwa kompyuta ndiyo inayoendesha. Nimelitafakari neno lako. Mimi naona kuna teknolojia inayomlinda dereva, na kuna inayomnyang'anya kazi yake. Ninayoichukia ni hii ya pili.

Mvua ikinikuta njia ya Magu na mzigo, lori langu la Fuso hutoa taarifa mapema. Kiti kinacheza upande, injini inapiga kelele ghafla na gari haliongezi mwendo. Hapo breki siigusi, naachia mafuta taratibu. Kuachia kiasi gani, hilo mguu wangu ulijifunza kwa miaka. Sasa kuna teknolojia iitwayo traction control: kompyuta inasoma tairi linavyozunguka, na likiteleza inapunguza nguvu ya injini yenyewe, hata kama dereva amekanyaga mafuta mpaka chini! Formula 1, zile mbio kubwa za magari za dunia, waliipiga marufuku mwaka 1994, wakairuhusu 2001, wakaiondoa tena 2008. Walifanya jambo jema sana. Mvua ikinyesha, tunamwona mwenye mguu.

Mwaka 2011 wakaleta DRS, ikatumika mpaka 2025. Dereva alipomkaribia wa mbele kwa chini ya sekunde moja, kwenye sehemu zilizopangwa alifungua bawa la nyuma, ukinzani wa upepo ukapungua, akampita kwenye barabara iliyonyooka. Magari yalipitana kweli, lakini mara nyingi aliyepitwa hakuwa na la kufanya. Mimi nataka kuona wawili wakigombania kona.

Ila usiniambie kila kipya kitolewe. Halo, ile fremu ya titani juu ya kichwa cha dereva, ilipoanza 2018 wengi waliisema vibaya, eti inaharibu sura ya gari. Mwaka 2020 kule Bahrain gari la dereva Romain Grosjean lilipasua reli ya chuma, likakatika vipande viwili na kulipuka moto. Halo ilikikinga kichwa chake, akatoka mwenyewe, mikono imeungua, lakini hai. Halo haimsaidii mtu kupiga kona hata moja, na kwa hiyo sina ugomvi nayo.

Wewe unasomea ufundi wa magari, kesho huenda ukaunda mifumo hii. Ukija likizo nitajie ungetoa kipi na kubakiza kipi, na sababu zake. Mama anauliza kama pesa ya hosteli imefika.

Baba yako