Shoga, uliniuliza bibi yuko wapi

Shoga yangu,

Pole na mihangaiko ya mjini. Meseji yako niliiona siku ileile ila sikuwa na hali ya kujibu, mtandao wenyewe kule milimani wa kuwinda, na swali lako halikuwa la kujibiwa na emoji. Eti sasa hivi bibi yuko wapi? Basi hilohilo ndo lililozua balaa pale nyumbani usiku kabla ya mazishi, mpaka nikasahau kulia.

Unajua kwa mama ni Wasabato wale wa damu, maana Usabato Tanzania ulianzia hukohuko kwetu Mamba, Same, mwaka 1903, waliuleta wamishenari Wajerumani, kwa hiyo pale ni kama tangawizi tu, umezaliwa umeukuta. Kwa baba ni Wakatoliki. Sasa shangazi akatoa rozari yake akaanza "raha ya milele umpe ee Bwana", mjomba akamwambia taratibu, shemeji, mama amelala, Mhubiri 9 inasema wafu hawajui neno lolote, hayupo toharani, huko mnakosema roho zinatakaswa, wala mbinguni, anasubiri parapanda. Shangazi akaruka, na yule mwizi msalabani je, si Yesu alimwambia "nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi"? Mjomba akasema shida ni koma, Kigiriki cha zamani hakikuwa na koma, isomeke "nakuambia leo", yani ahadi ndo imetolewa leo, peponi ni baadaye. Shangazi akamuuliza, sasa hiyo "hivi" utaiweka wapi? Hahaha, mjomba akanyamaza kama dakika nzima. Shangazi kuona hivyo akachomoa na Yuda Makabayo wa kitabu cha Wamakabayo, alivyochangisha hela zipelekwe Yerusalemu kwa ajili ya dhambi za askari waliokufa, mjomba akamjibu hicho kitabu kwenye Biblia yangu hakimo. Tulicheka, shoga, msibani, jeneza liko sebuleni.

Ila kilichoniuma ni kesho yake. Kila aliyeshika maiki anasema bibi ametangulia, yupo na malaika anatuangalia, hadi Wasabato wenyewe wanasema hivyo! Mjomba anakuna kichwa tu. Yani kama vile mwili ni gunia, mzigo ukishushwa unalitupa. Na mimi ndo nilikuwa nimeshika beseni wakati wanamuogesha. Unakikumbuka kile kidole chake cha shahada, mkono wa kushoto, kilichopinda kwa sababu ya panga? Nilikishika nikakifuta polepole, kilikuwa cha baridi na bado kimepinda vilevile. Nikawaza, hiki ndo kinaingia ardhini, na kama imani yetu ina maana yoyote basi hiki ndo kitatoka.

Maana ukiangalia, wote wawili hapo wanakubaliana. Shangazi kila Jumapili anasema nangojea ufufuko wa wafu, mjomba ndo usiseme, kila Sabato ni kurudi kwa Yesu. Wanachobishania ni huu muda wa katikati tu, mimi sijui nani kapatia na kwa kweli wala sikosi usingizi. Paulo kwenye 1 Wakorintho 15 anasema unachopanda sio mwili utakaokuwa, ni mbegu tu, anatolea mfano ngano. Kwetu angetaja tangawizi, unafukia kipande kibaya kimesinyaa, kinachochomoza juu hakifanani nacho kabisa lakini ni chenyewe.

Sasa hapo ndo nimekwama. Yesu alivyofufuka alikula kipande cha samaki wa kuokwa, sio mzuka, na matundu ya misumari bado alikuwa nayo, akamwambia Tomaso lete kidole chako. Je cha bibi kitakuwa kimepinda au kimenyooka? Nikamuuliza mjomba, akasema kitanyooka, huko hakuna kilema. Shangazi akasema muulize padri. Mimi nataka kilichopinda, kisimuume ila kiwe kimepinda, la sivyo kwenye umati wote ule nitamjuaje?

Shangazi ameshaandikisha nia ya misa kwa ajili ya bibi, tarehe 2 Novemba, siku yao ya kuwaombea marehemu wote, na nauli ya kwenda parokiani kapewa na mjomba, usiniulize ilikuwaje.

Nimekuwekea tangawizi kilo mbili, mbichi, za shambani kwake. Niambie nikutumie kwa basi gani, zisije zikanyauka.

Wako wa siku zote.