Barua ya wazi kwa wazazi vijana wa Kisumu: acheni kumbana mtoto pua

Wanangu, na nyinyi wakaza wanangu,

Nimechoka kuona mtoto akibanwa pua ili ameze. Nimeyaona haya Manyatta na Nyalenda, na Jumapili nikayaona tena kwenye chakula cha ukoo hapa Mamboleo, watu wazima wamejaa sebuleni. Mtoto wa miaka mitatu alikataa osuga, ile mboga chungu ya mnavu. Mama akampakata akamshika mikono, shangazi akabana pua, kijiko kikasukumwa ndani. Mtoto akapaliwa, akatapika kwenye leso, akachapwa. Muda si muda, ili anyamaze, akapewa biskuti, soda na simu yenye katuni. Nikasikia mtu akisema, "Afadhali, angalau ametia kitu tumboni."

Mtoto yule sasa anajua kwamba osuga huja na kipigo, na biskuti huja na mapenzi. Mtamlaumu vipi kesho akiikimbia sufuria ya mboga?

Nianze na hofu yenu, maana najua ukali huu unatokana na hofu. Mtoto aliyekuwa anakula kila kitu akiwa na miezi 10 anafikisha mwaka na nusu au miwili, anaanza kugeuza uso. Mnasema ana jicho baya, au yaya amemharibu. Mara nyingi hana lolote. Katika mwaka wa kwanza uzito wa mtoto huwa karibu mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Baada ya hapo kasi ya kukua hupungua sana, na hamu ya chakula hupungua nayo. Umri huo huo ndio anatembea na kuokota kila kitu, na kukiogopa chakula asichokijua ni kawaida. Wengi huvuka hali hiyo kadiri wanavyokua.

Tena ulimi wa mtoto huusikia uchungu kuliko wetu. Ndiyo maana wengi hushindwa na osuga na dek, yaani mgagani, lakini mrenda wakaumeza bila vita. Mama zetu walilijua hili bila kusoma popote. Dek ilichemshwa, ikatiwa maziwa, ikalala, ikapashwa tena kesho yake na kesho kutwa, mpaka uchungu ukalainika. Siku hizi inakatwa jioni, inarushwa kwenye mafuta na nyanya kwa dakika chache, inawekwa mbele ya mtoto wa miaka miwili, kisha mnashangaa. Changanyeni osuga na kunde au terere, tieni maziwa, ipikeni iive. Haya hayahitaji pesa nyingi, yanahitaji subira.

Na subira ndiyo haipo. Wataalamu wa lishe wameona kwamba mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara 8, 10, hata 15 ndipo akikubali. Nyinyi mnajaribu mara tatu, mnatangaza, "Huyu wangu hali mboga." Mnalitangaza akiwa hapo hapo anasikia! Wekeni kidogo tu, kiasi cha ukucha, kando ya kile anachokipenda. Akikigusa akakiacha, nyamazeni. Akikilamba akakitema, nyamazeni pia. Keshokutwa kiwekeni tena.

Msidhani ni ulaini wa bibi mzee. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, akiwemo Leann Birch, walichapisha jaribio walilowafanyia watoto wadogo kwa supu. Watoto waliokuwa wakihimizwa wamalize supu yao walikula kidogo kuliko walivyokula walipoachwa, na wakaisema vibaya zaidi. Na hao walihimizwa kwa maneno tu, hawakubanwa pua. Mtaalamu mwingine wa huko, Ellyn Satter, aligawa kazi ya mezani kwa namna ninayoipenda: mzazi aamue ni chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto aamue kama atakula, na kiasi gani. Nyumba nyingi ninazoingia zimegeuza mambo. Mtoto ndiye anayechagua chakula, chipsi na soseji, na mzazi ndiye anayepima matonge yatakayoingia tumboni mwa mtu mwingine.

Mengine nitayataja tu. Chai ya majani msimpe mtoto pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma. Asitafunetafune biskuti saa nzima kabla ya mlo. Samaki atolewe miiba yote kwanza. Njugu nzima asipewe kabla ya miaka mitano, zinakaba. Awe na sahani yake, ale ugali kwa mkono wake hata akijipaka. Simu ikae mbali. Nanyi mlio na mimba au mnaonyonyesha, kuleni mboga hizo sasa, maana ladha hupita. Utafiti wa Julie Mennella na wenzake wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa juisi ya karoti wakati wa mimba au wakinyonyesha hawakukunja uso sana walipolishwa nafaka yenye ladha hiyo.

Kuna kukataa chakula ambako si kwa kusubiri nyumbani. Ikiwa mstari wa uzito kwenye kijitabu cha kliniki umelala au unashuka, ikiwa viganja vimepauka, ikiwa anapaliwa kila mlo, au vyakula anavyokubali vinazidi kupungua kila mwezi, mpelekeni apimwe. Matone ya vitamini A na dawa ya minyoo ya kila miezi sita msizikose.

Sasa akina baba. Mnakaa mezani mnasukuma mboga pembeni mkisema majani ni ya ng'ombe, kisha mnamkaripia mtoto anayewaiga. Paja la kuku ni lenu, firigisi ni yenu, mtoto anapewa mchuzi. Mpeni nyama, mpeni omena, naye awaone mkila mboga.

Na sisi kama mji, tunawatendea nini watoto hawa? Kando ya lango la chekechea kuna kibanda cha krispi na soda, hakuna anayeuza ndizi. Wazazi wanatoka kazini usiku, mtoto ameshalala, na njia pekee ya kujua kama amekula ni kuchungulia sahani. Hapo ndipo yaya anapoingizwa matatani. Ameambiwa sahani irudi tupu, na anajua ikirudi na chakula atagombezwa au atafukuzwa. Kwa hiyo mchana, mlango ukiwa umefungwa, anafanya kile kile nilichokiona Jumapili, wala hakuna wa kumzuia. Msichana huyo mwenyewe hajatimiza miaka 20, na mmempa kazi ambayo nyinyi wawili hamuiwezi. Zungumzeni naye leo jioni kabla hajalala. Mwambieni apakue chakula, akae na mtoto wale pamoja, na mtoto akisema ameshiba, ameshiba. Mwambieni kinachobaki kifunikwe, na hakuna atakayemuuliza.

Mama yenu,
Mamboleo, Kisumu